Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

(Haya ni maneno yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, katika mfululizo wa darsa za mwezi wa Ramadhani. Mzungumzaji ni mwongoza watalii wa hapa Pwani. Tumeyaandika kama alivyoyasema, ila tumepunguza hapa na pale.)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), aliyetufikisha katika mwezi huu mtukufu hali tukiwa wazima. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu na wadogo zangu. Mwenyekiti wa vijana aliponipigia simu kuniomba nizungumze leo, nilimwambia, "Sheikh, mimi si mwalimu wa dini. Mimi kazi yangu ni kutembeza watu." Akanijibu, "Basi njoo utuzungumzie habari za kutembea." Kwa hivyo msinitarajie nitoe darsa la fiqhi, wenyewe wako hapa mbele yangu. Nitasema habari za safari, za usalama wa mgeni, na za wema ambao mtu huupata mahali asipoutarajia. Na ndani yake nitasema jambo langu mwenyewe ambalo kwa miaka mingi nilikuwa naona haya kulisema mbele za watu.

MSAFIRI ANA HAKI

Kwanza tukumbushane. Dini yetu imemjali sana msafiri. Mwezi kama huu, mtu akiwa safarini ameruhusiwa kula, kisha alipe siku zake baadaye. Swala zake za rakaa nne anazipunguza zikawa mbili. Na ukizitazama zile aina nane za watu wanaostahiki kupewa zaka, katika Suratut-Tawba aya ya 60, utamkuta msafiri aliyekwama njiani yumo. Huyo anaitwa ibnu sabil, yaani mwana wa njia. Hawakusema wanavyuoni kwamba lazima awe fukara kwao. Anaweza kuwa tajiri mwenye majumba, lakini pale alipokwama hana kitu, basi ana haki katika mali yako.

Hebu tufikiri, kwa nini? Kwa sababu mtu akiwa ugenini anakuwa mdogo. Hata akiwa na pesa, hajui njia, hajui lugha, hajui nani mwema na nani mwizi. Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba safari ina adhabu ndani yake, humnyima mtu chakula chake na usingizi wake, na mtu akishamaliza haja yake afanye haraka arudi kwa watu wake. Na ametufunza pia kwamba dua ya msafiri hairudishwi. Sasa wewe unayekaa steji ya matatu, au ufuoni, au pale Mwembe Tayari mabasi yanaposhukia, ujue kuna watu wanapita mbele yako dua zao ziko karibu sana. Wakuombee dua njema au mbaya, hilo liko mikononi mwako.

MWONGOZA NJIA WA HIJRA

Kwa kuwa mimi ni mwongoza watu, kuna kisa kimoja katika sira ambacho nakipenda kuliko vingine. Mtume (S.A.W.) na Sayyidna Abubakar walipotaka kuhama Makka kwenda Madina, walimwajiri mtu awaonyeshe njia. Jina lake Abdullahi bin Uraiqit. Mtu huyu hakuwa Mwislamu, alikuwa katika dini ya Makuraishi wenyewe. Lakini alikuwa bingwa wa njia, na alikuwa mwaminifu. Walimkabidhi ngamia wao wawili, wakamwambia awafuate kwenye pango la Thaur baada ya siku tatu.

Sasa tazameni. Makuraishi walitangaza zawadi ya ngamia mia moja kwa atakayemleta Mtume. Ngamia mia moja ni mali ya kumfanya mtu asifanye kazi tena maisha yake yote. Na mtu aliyejua kwa yakini Mtume yuko wapi ni huyu bin Uraiqit. Angeweza kuingia sokoni Makka akasema neno moja tu. Hakusema. Siku ya tatu akafika pangoni na ngamia kama walivyoagana, akawapitisha njia ya pwani ambayo haikuzoeleka, mpaka wakafika salama.

Mimi nikikisoma kisa hiki najiuliza: yule hakuwa katika dini hii, na alichunga amana ya mgeni wake mbele ya ngamia mia. Mimi niliyezaliwa nikaadhiniwa sikioni, niliichunga vipi?

SAUMU YA KUMI NA TANO, MWAKA 2001

Sasa nifike kwangu.

Mwaka 2001 nilikuwa kijana wa miaka 22. Nimemaliza shule, kazi hakuna. Nikawa bichi boi. Vijana wa leo mnaijua kazi hiyo: unashinda ufuoni, akitokea mzungu unamfuata, "Jambo, jambo, karibu, safari, mashua, mwambani." Siku nyingine unapata, siku nyingine unarudi na mchanga miguuni.

Ramadhani ya mwaka ule ilikuwa mwezi wa Novemba. Nakumbuka ilikuwa kama saumu ya 14 au 15, kwa sababu mwezi ulikuwa mpevu, na walioko hapa watoto wa bahari wanajua maana yake. Mwezi ukiwa mpevu na ukiwa mchanga, maji huwa ni bamvua. Yakipwa yanapwa sana, unaweza kutembea kwa miguu mpaka mwambani ukaona samaki wa rangi na miba ya baharini kwenye madimbwi. Na yakijaa yanajaa sana. Hapa kwetu, baina ya kupwa na kujaa kwa bamvua, maji hupanda zaidi ya mita tatu. Hiyo ni zaidi ya kimo cha mtu mzima aliyenyoosha mkono juu.

Akaja mzee mmoja wa kizungu, peke yake. Mtu wa miaka sitini na kitu, na kofia yake ya majani. Akaniuliza kama naweza kumpeleka mwambani. Nikamwambia shilingi elfu moja. Bei ya kweli siku zile ilikuwa mia mbili, au mia tatu kwa wingi. Hakubishana. Akatoa elfu akanipa pale pale kabla hatujaondoka. Hilo la kwanza.

Tukaondoka saa nne asubuhi, maji yamepwa. Tukafika. Yule mzee akafurahi kama mtoto mdogo. Kila kitu anainama anakitazama. Ikafika saa tano. Mimi nimefunga, jua kali, midomo imekauka. Nikatazama ufuoni nikaona kundi la wageni limeshuka kutoka hotelini, watu kama wanane. Moyo ukanambia, "Hapa unapoteza wakati." Nikamwambia yule mzee, "Wewe kaa, tazama tazama, mimi narudi sasa hivi." Akanionyesha kidole gumba, sawa. Nikaenda zangu.

Ndugu zangu, sikurudi. Wale wageni wakanishughulisha, mara vinyago, mara bei ya mashua. Nilijua maji yanarudi, nimezaliwa hapo, hakuna aliyehitaji kunifundisha. Nikawa najiambia, "Atarudi mwenyewe, njia aliiona." Lakini njia aliyoiona ilikuwa njia ya maji yaliyopwa. Kutoka mwambani mpaka ufuoni kuna milango, mahali chini pana kina. Maji yakianza kujaa yanaanzia hapo. Mtu aliye kule nje haoni hatari, miguuni kwake bado pakavu, na huku nyuma tayari njia imekatika.

Kama saa saba hivi nikasikia kelele. Watu wanasimama, wanaonyesha baharini. Nikatazama, nikaiona ile kofia ya majani. Maji yamemfika kifuani, amesimama juu ya jiwe, anapunga mikono. Wallahi miguu yangu iliisha nguvu. Nilisimama pale nikiwa na elfu yake mfukoni.

Aliyekwenda kumtoa ni mvuvi mmoja mzee, alikuwa anarudi na ngalawa yake. Aligeuza, akasukuma kwa upondo dhidi ya maji, akamfikia, akamvuta akamtia ndani. Alipomleta ufuoni, yule mzungu alikuwa anatetemeka vibaya, miguu imechanika na mawe. Akamshika yule mvuvi mkono hauachi. Alipopata nguvu akatoa pesa zilizolowa, noti nyingi, akampa. Yule mvuvi akazirudisha. Akasema kwa Kiswahili, na yule mgeni haelewi neno, "Mimi nimefunga, baba. Nenda salama." Akaondoka na kapu lake, na ndani ya kapu samaki hawafiki kumi.

Na yule mgeni akaniona. Nilikuwa kwenye kundi la watu, nyuma nyuma. Alinitazama. Hakunishitaki, hakunitukana. Alinitazama tu, kisha akachukuliwa hotelini. Kesho yake nilikuwa nimeambiana na nafsi yangu niende nikamwombe radhi. Sikwenda. Kesho kutwa nikaenda, nikaambiwa langoni ameshaondoka, amerudi kwao. Jina lake sikulijua. Nchi yake sikuijua. Ile elfu moja nilikuwa nimeshaitumia, nyingine kwa futari.

NJAA ILIYOFUATA

Mwaka uliofuata, tarehe 28 Novemba 2002, nao ulikuwa mwezi wa Ramadhani, ikaripuliwa ile hoteli ya Kikambala. Wakafa Wakenya 10 na Waisraeli 3. Miongoni mwa wale ndugu zetu walikuwamo wacheza ngoma waliokuja kuwakaribisha wageni. Hao waliofanya vile sina haja ya kuwasemea. Aliyekuja kwako akapewa viza na nchi yako akaingia, ameingia kwa ahadi ya amani, na ahadi katika dini yetu si mchezo. Lakini nataka mwone vile kazi ya watu wengi ilivyokwisha kwa asubuhi moja. Mwaka 2003 Uingereza ikasimamisha ndege zake kuja Kenya kwa muda. Hoteli zikapunguza watu. Wachonga vinyago wa Changamwe, wenye mashua, mama wauza leso, madereva wa teksi, wote wakalia. Huo ndio usalama wa watalii, wadogo zangu. Msidhani ni habari ya wazungu peke yao. Mgeni akiogopa, jiko la mwenyeji linazima.

Nami jiko langu likazima. Mwisho wa mwaka 2003 nikaamua kwenda Nairobi, kuna binamu yangu alinambia nije nitafute kibarua.

BISKUTI NA UJI

Nilipanda basi mchana, Ramadhani tena. Nilikuwa na begi moja, viatu vipya, na shilingi elfu tatu mfukoni, zote za kuazima. Nikakaa na mtu mmoja ana kofia ya mkono, tasbihi mkononi, kanzu safi. Tukazungumza vizuri, "ndugu yangu" huku "ndugu yangu" kule. Nami nilikuwa nimefunga japo nina ruhusa ya kula. Tulipopita Voi jua likazama. Akatoa tende mbili na maji ya matunda kwenye chupa, na biskuti, akasema, "Futuru, ndugu yangu." Nikafuturu, nikamwombea dua.

Sikujua tena jambo lolote. Nilipopata fahamu nilikuwa nimelala chini, kando ya barabara, Mtito Andei, usiku. Begi hakuna. Pesa hakuna. Viatu hakuna. Nilikuja kuambiwa baadaye kwamba makanga wa basi aliona nimelegea na kutapika akadhani ni mlevi, akanishusha, basi likaenda zake. Yule jamaa wa tasbihi alikuwa ameshashuka zamani.

Nataka kusema wazi hapa, nisije nikaeleweka vibaya. Kosa si la kofia wala la tasbihi. Mwizi atavaa nguo ambayo unaiheshimu, ndiyo kazi yake. Lakini somo lilinikaa: nilimwamini mtu kwa nguo yake.

Watu wanapita. Wengine wananiruka. "Mlevi huyo." Mimi nataka kusema mimi si mlevi, nimefunga, ulimi hauendi. Basi akaja mama mmoja, alikuwa na kibanda cha chai pale madereva wa malori wanaposimama. Mkamba, na shingoni amevaa msalaba. Akainama akaninusa mdomo. Akageuka akawaambia wale watu kwa ukali, "Huyu hajalewa. Huyu amewekewa dawa." Akamwita kijana wake wa kazi, wakanibeba mpaka kibandani. Akanipa maji kidogo kidogo. Akakodi mkokoteni nikapelekwa zahanati, akalipa yeye. Mimi simjui, yeye hanijui, jina langu hakuniuliza mpaka usiku wa manane.

Nilipoweza kusema akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Mombasa. Akauliza, "Wewe ni Mwislamu?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza. Nilidhani labda sasa amejuta.

Ndugu zangu, saa kumi za usiku niliguswa bega. Yule mama amesimama na bakuli la uji wa moto. Akanambia, "Amka. Madereva wenu huwa wanakula wakati huu. Hujakula kitu tangu jana, utafungaje?" Nilishika lile bakuli nikalia. Mama wa Kikristo, katika kibanda cha mabati kando ya barabara kuu, ananiamsha mimi nile daku.

Mchana alinitafutia kandambili, akaninunulia tikiti ya basi kurudi Mombasa, na akanipa juu yake shilingi mia mbili. Nikamwambia, "Mama, nitakulipaje?" Akasema hivi, na maneno haya sitayasahau: "Nina mtoto wangu wa kiume Mombasa, anafanya kazi ya kufua hotelini. Hana mtu huko. Nami namwomba Mungu kila siku, akianguka asirukwe."

Njia nzima ya kurudi sikuuona Voi wala Mariakani. Nilikuwa naiona kofia ya majani juu ya maji. Yule mzee pia alikuwa na watu kwao. Pengine na yeye alikuwa na mama, au mke, au binti, anayeomba asirukwe. Nami nilimruka.

DENI LINALOLIPIKA NA LISILOLIPIKA

Mwaka wa pili baada ya Idd nilirudi Mtito Andei. Nilikuwa nimepata kibarua bandarini. Nikamkuta mama yule pale pale. Nilimchukulia jozi ya leso na pesa zake zote, pamoja na za zahanati. Leso akazichukua, akajifunga moja pale pale huku anacheka. Pesa akakataa. Akanambia nimpe mwingine.

Lakini deni la yule mzungu nitamlipa nani? Nilikwenda kwa sheikh mmoja nikamweleza yote. Sikumficha. Akanambia: mali ya mtu ukishindwa kabisa kumpata mwenyewe wala warithi wake, itoe sadaka kwa niaba yake, na umtake Mola wako msamaha, na ukimpata siku moja, haki yake bado iko. Akanikumbusha pia kile kisa cha Mtume (S.A.W.) kutia mkono ndani ya chungu ya nafaka sokoni, akakuta juu pakavu na ndani kumelowa, na jinsi alivyomkemea yule muuzaji, kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Sheikh akanambia, "Wewe ulimuuzia mtu njia, ukamwonyesha pakavu ukaficha maji."

Ile elfu nimeitoa, zaidi ya mara moja. Lakini ile hofu aliyoipata juu ya jiwe, nitaitoa sadaka vipi? Hiyo nitakutana nayo. Ndiyo maana nikaamua nisome kazi hii, nikachukua leseni, nikawa mwongoza watalii wa haki. Na mpaka leo siku za bamvua, nikiwa sina kazi, nashuka ufuoni saa tano kutazama nani yuko mwambani. Nikimwona mtu namwita. Wengine wanadhani nataka pesa, wananipungia mkono niondoke. Siondoki.

WALIOKUWA HIVI KABLA YETU

Wadogo zangu, msidhani ukarimu ni jambo la kigeni kwetu. Mwaka 1331 alipita pwani hii msafiri wa Tanja, Ibn Battuta. Anaeleza kwamba Mogadishu jahazi likifika, vijana walikuwa wakitoka na mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, amkabidhi mfanyabiashara mmoja na kusema huyu ni mgeni wangu. Nasi leo tunawakimbilia wageni vilevile, lakini mikononi tuna nini? Hapa Mombasa alilala usiku mmoja tu, lakini hakusahau kutaja kwamba misikiti yetu ilijengwa vizuri kwa miti, na kwamba kila mlangoni palikuwa na kisima na kata, mtu anaosha miguu kabla ya kuingia. Usiku mmoja, na habari imebaki mpaka leo. Kilwa akamkuta Sultani Hassan bin Suleiman, aliyeitwa baba wa vipawa, ambaye fakiri wa Yemen alimwomba nguo alizovaa, naye akaingia ndani, akazivua, akampa.

Na msiseme hayo ni ya zamani. Tarehe 21 Disemba 2015 basi lilikuwa linakwenda Mandera na abiria zaidi ya sitini. Karibu na El Wak wakalizuia wenye bunduki, wakawaamuru Waislamu wajitenge na wasio Waislamu. Watu wote mle ndani walijua maana yake, kwa sababu Novemba 2014 abiria 28 walikuwa wametolewa ndani ya basi karibu na Mandera wakauawa. Lakini mara hii Waislamu walikataa kutengana. Akina mama wakawapa Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah akapigwa risasi pale. Aliugua hospitali, akafa mwezi wa Januari 2016, Mungu amrehemu. Serikali ikamtunuku nishani baada ya kufa kwake, na kisa cha basi lile kikatengenezewa filamu fupi, Watu Wote, iliyofika kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018.

Wale abiria hawakuwa maulamaa. Walikuwa wasafiri kama nyinyi. Mama wa Mtito Andei hakuwajua, nao hawakumjua, lakini jambo lililo vifuani mwao ni moja.

NASAHA KIDOGO

Kabla sijamaliza, wazazi wamenitaka niseme machache ya kuwafaa vijana wakisafiri, hasa Idd inapokaribia na mabasi yanajaa.

Kwanza, usile wala usinywe cha mtu usiyemjua ndani ya gari, hata akiwa na kanzu nyeupe. Chukua tende zako na maji yako kutoka nyumbani. Ukikataa kwa adabu hutamkosea mtu.

Pili, pesa usiweke mahali pamoja. Na nambari ya simu ya nyumbani iwe imeandikwa kwenye karatasi mfukoni, kwa sababu simu ikiibwa nambari nazo zimeibwa.

Tatu, waambie watu wa nyumbani umepanda gari gani na saa ngapi.

Nne, chombo kikijaa usipande, liwe gari au mashua. Hatujasahau feri ya Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, watu 272 walikufa maji, na ng'ambo ilikuwa karibu wanaiona. Bora uchelewe.

Tano, ukipotea uliza mwenye duka au mama anayeuza kitu. Mtu mwenye biashara yake pale ana mahali pa kulaumiwa, hatakimbia.

Na kwa nyinyi mnaokutana na wageni, dereva, makanga, mwuza madafu, mwanafunzi tu unayeulizwa njia ya Fort Jesus: mwambie bei ya kweli. Usimwache mahali ambapo usingemwacha mamako. Kama hujui njia, sema hujui. Akipoteza kitu ukakiokota, mtafute. Dada zetu mkimwona msichana mgeni anafuatwa na kusumbuliwa njiani, mwiteni, tembeeni naye mpaka afike. Na ukimwona mtu amelala kando ya barabara, usiseme "mlevi" ukapita. Inama kwanza.

Jua linashuka, na najua mama zetu wana vyungu jikoni. Nawaombeni jambo moja la nafsi yangu. Leo wakati wa kufuturu, dua ya mfungaji haikataliwi, na nyinyi mmefunga. Muombeeni yule mvuvi, sasa ametangulia mbele ya haki. Muombeeni mama wa Mtito Andei uongofu na afya. Na yule mzee wa kofia ya majani, kama yu hai, ombeni nikutane naye hapa duniani kabla ya kule.